Bima wameandika "A/M" kwenye makadirio ya Camry ya 2022. Sheria ya California inanilinda wapi?

NyotaYaSacramento anauliza:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Naomba msaada kwa wanaojua sheria za bima na kazi za bodi hapa California.

Gari ni Toyota Camry ya 2022, bado ina mkopo wa benki. Imeumia mbele upande wa kushoto, airbag hazikufunguka. Nadai kwenye bima yangu mwenyewe, na sehemu ya kwanza ninayobeba ni dola 500. Mkadiriaji ametuma makadirio na mistari ya spea inasomeka hivi:

Ganda la bampa la mbele: A/M CAPA (yenye stika ya CAPA, taasisi inayopima spea mbadala)
Chuma cha ndani cha bampa: A/M
Sponji ya bampa: A/M
Grili na nembo: A/M
Boneti: A/M
Fenda ya kushoto: A/M
Taa ya kushoto: LKQ

Nimeelewa kwamba A/M ni spea ambayo haikutoka Toyota, na LKQ ni ya mtumba iliyotolewa kwenye gari jingine. Gari liko kwenye gereji niliyoichagua mwenyewe, halijafunguliwa, na sijasaini chochote. Je, bima wana haki ya kunilazimisha hizi A/M? Waranti ya Toyota itakufa? Na gereji niwaambie nini kabla hawajaanza?

---

MtuWaVifungu anajibu:

Ndugu Nyota, vizuri hujasaini, maana sehemu kubwa ya ulinzi huu inafanya kazi kabla spana haijashikwa.

California haikatazi spea mbadala za bodi. Inaziwekea masharti, na mzigo wa masharti hayo unambeba anayezitaka, yaani bima. Anza na sheria ya biashara na taaluma ya jimbo, kifungu 9875.1. Kinasema bima haiwezi kulazimisha spea mbadala za bodi kwenye gari la mteja wake bila kumjulisha kwa makadirio ya maandishi kabla kazi haijaanza. Kila spea ya namna hiyo lazima itajwe pamoja na jina la aliyeitengeneza au anayeisambaza. Kuandika "A/M" peke yake hakutoshi. Tena nakala yako ya makadirio lazima iambatane na tamko lenye herufi zisizopungua ukubwa wa pointi 10, linaloeleza kwamba makadirio yametumia spea zisizotoka kwa mtengenezaji wa gari, na kwamba waranti ya spea hizo inatoka kwa aliyezitengeneza au kuzisambaza, si kwa mtengenezaji wa gari lako. Tafuta ukurasa huo kwenye makaratasi yako.

Halafu zipo kanuni za madai ya bima, kifungu 2695.8 aya (g), na hapa ndipo penye meno. Bima haiwezi kudai spea mbadala iwapo haiko angalau sawa na orijino kwa aina, ubora, usalama, kukaa mahali pake na utendaji. Bima inayozitaja inatoa dhamana yenyewe kwamba ziko hivyo. Na spea ikihitaji kurekebishwa ili ikae, gharama ya kurekebisha ni ya bima. Kwa hiyo fundi akitumia saa mbili kunyoosha tundu za boneti ya A/M, saa hizo hazikuhusu wewe wala gereji.

Angalia mpaka wa neno lenyewe. Kifungu 9875 kinazungumzia sehemu za bati au plastiki zisizo za mitambo ambazo kwa kawaida ndizo umbo la nje la gari, pamoja na paneli za ndani na za nje. Rejeta, kondensa ya AC, sehemu za sasipenshoni na airbag haziingii humo. Ila gereji ina wajibu wake tofauti. Kifungu 9884.9 kinaidai gereji ya bodi makadirio yanayotenganisha spea na kazi, na yanayosema kila spea ni mpya, ya mtumba au iliyofufuliwa. Na kwa spea za bodi, kama ni orijino au si orijino. Ankara ya mwisho nayo lazima iseme hivyohivyo. Ndiyo maana una karatasi mbili za kulinganisha.

Kuhusu waranti: sheria ya shirikisho ya Magnuson-Moss, ya mwaka 1975, inamkataza mtengenezaji kufunga waranti yake na sharti la kutumia spea za jina lake, isipokuwa azitoe bure. Waranti ya injini yako haifi kwa sababu ya fenda. Lakini Toyota hawatabeba fenda hiyo ikishika kutu, wala uharibifu ambao spea hiyo imeusababisha. Dhamana yao ya bodi kutotobolewa na kutu ni ya miaka 5, na inahusu bati lao.

Kwa kuwa ni mkopo, soma tu mkataba wa benki. Gari likiwa la kukodi kwa muda mrefu hali huwa nyingine: mikataba mingi ya kukodi inadai spea orijino, na siku ya kurudisha gari ndipo bili inapotoka.

---

FundiBodi anajibu:

MtuWaVifungu amemaliza upande wa karatasi. Mimi naongeza upande wa bati, kwa sababu neno "sawa na orijino" halithibitishwi kwa maneno. Linathibitishwa kwa rula na picha.

Waambie gereji hivi, na waandike kwenye karatasi ya kazi: kila spea ya A/M ifungwe kwa majaribio kabla ya rangi. Hilo ndilo muhimu kuliko yote. Spea ikishapakwa rangi msambazaji haipokei tena, na kuanzia hapo kila mtu anaanza kumsukumia mwenzake.

Jaribio lenyewe linakwenda kwa mpangilio. Boneti kwanza na bawaba zake, kisha fenda, kisha taa, kisha ganda la bampa, maana bampa linafuata taa na fenda. Boliti zifungwe kwa mkono tu. Pima mwanya kati ya boneti na fenda sehemu tatu: karibu na kioo cha mbele, katikati, na karibu na taa. Upande wa kulia wa gari lako haujaguswa, kwa hiyo ndio kipimo chako. Kulia kukiwa na milimita 4 kote, halafu kushoto kunaanza na 3 na kuishia na 6, na bolti zimeshafika mwisho wa tundu, boneti au fenda hiyo haijakaa. Lakini kabla ya kuilaumu spea, gereji ipime kwanza fremu ya mbele na sapoti ya rejeta. Fremu iliyosogea hutoa mwanya mbaya hata kwa spea orijino, na mkadiriaji mjuzi atauliza hilo mara moja.

Sasa spea moja moja.

Boneti. Geuza uangalie upande wa ndani. Orijino ina mikunjo maalumu kwenye paneli ya ndani inayofanya boneti ijikunje katikati wakati wa ajali, isirudi nzima kuelekea kwenye kioo. Mbadala lazima iwe nayo, mahali palepale. Angalia gundi kati ya paneli ya nje na ya ndani, isiwe imeachwa na mapengo, na angalia ndoano ya loki imekaa katikati. Boneti isiyofunga kwa kishindo kimoja chepesi isiendelee mbele.

Fenda. Iweke kwenye mizani pamoja na ile ya zamani. Nyepesi sana ni bati jembamba. Kwangua kidogo ndani ya kingo uone kama kuna tabaka la zinki au ni rangi nyeusi juu ya chuma kitupu. Kutu huanzia kwenye ukingo wa tairi.

Ganda la bampa. Huja limeshapakwa praima. Fundi afute sehemu iliyofichika kwa kitambaa chenye thina. Praima ikilainika au ikitoka, haifai kubeba rangi: ikwanguliwe yote na kupakwa nyingine, na hiyo ni kazi ya ziada ya kudai kwa bima. Usipofanya hivyo rangi hubanduka kama ngozi baada ya muda.

Sponji na chuma cha ndani. Hapa mimi ningekataa A/M kwa nguvu zote. Haya mawili hayaonekani, lakini ndiyo yanayopokea kishindo cha kwanza. Yakiwa laini au magumu kuliko ya Toyota, namna kishindo kinavyosafiri hadi kwenye sensa za mbele za airbag hubadilika. Mwanya hauwezi kukuonyesha tatizo hili, na rangi nzuri inalifunika kabisa.

Grili na nembo. Kwenye Camry hii rada iko nyuma ya nembo. Nembo hiyo ni plastiki iliyotengenezwa ili mawimbi ya rada yapite. Nembo ya bei rahisi yenye unene tofauti au rangi yenye chembe za chuma inaweza kuipotosha rada, na breki za dharura zikachelewa au zikajishika bila sababu. Nembo iwe orijino. Na uhakikishe makadirio yana mstari wa kupanga upya rada baada ya kazi. Mstari huo usipokuwepo, mkadiriaji ameusahau.

Taa ya mtumba si mbaya ikiwa nzima. Angalia masikio ya kufungia hayajavunjika na kugundishwa, hakuna ukungu ndani, na lenzi ina alama ya DOT, ambayo ni tamko la mtengenezaji kwamba taa inatimiza kiwango cha shirikisho namba 108.

Kuhusu CAPA: ni taasisi isiyo ya faida iliyoanza mwaka 1987, inapima spea mbadala, pamoja na kuzifunga kwenye gari halisi. Spea yake ina stika yenye namba ya pekee, na stika ina sehemu mbili, moja hubaki kwenye spea na nyingine hutolewa. Waambie gereji waibandike hiyo ya pili kwenye faili lako. Makadirio yakisema CAPA na spea ikafika bila stika, hiyo siyo spea iliyoandikwa. Irudi.

---

MkenyaChicago anajibu:

Mimi ningesema kataa zote. Huku Illinois mahakama ilishaamua kwamba spea mbadala ni duni, kampuni ya bima ya State Farm ikaamriwa kulipa zaidi ya dola bilioni moja. Taja kesi hiyo tu kwa mkadiriaji.

---

MtuWaVifungu anajibu:

Ndugu yangu, kesi hiyo usiitaje, itamharibia. Ni kweli kwamba mwaka 1999 baraza la wazee wa mahakama na jaji wa Illinois waliitoza State Farm takriban dola bilioni 1.18. Lakini mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Illinois iliifuta hukumu yote. Mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba mamilioni ya wateja wa majimbo mengi hawawezi kuchukuliwa kuwa kundi moja wakati mikataba yao na magari yao yanatofautiana. Kwa hiyo "spea mbadala zote ni duni" si hoja iliyobaki imesimama. Hoja inayosimama ni "spea hii, yenye namba hii, haikukaa kwenye gari hili, na vipimo ni hivi." Ndiyo maana ushauri wa FundiBodi wa rula na picha una uzito kisheria pia.

---

NyotaYaSacramento anajibu:

Ahsanteni sana. Nimeyapitia makaratasi upya. Ganda la bampa tu ndilo lenye jina la msambazaji; spea nyingine tano za A/M hazina jina. Ule ukurasa wa tamko haupo. Nimempigia mkadiriaji, amesema orijino hawalipi, na kwamba nikihamia gereji ya mtandao wao "mambo yatakuwa rahisi". Nifanyeje sasa?

---

MtuWaVifungu anajibu:

Simu ziishe leo. Kuanzia sasa ni imeili, zenye namba ya dai kwenye kichwa.

Andika kifupi, bila ukali. Sema makadirio ya tarehe fulani yanataja spea sita za A/M, tano hazina jina la mtengenezaji wala msambazaji, na tamko la kifungu 9875.1 halikuambatishwa. Omba makadirio yaliyosahihishwa. Kisha omba wathibitishe kwa maandishi, kwa kila spea, kwamba iko sawa na orijino kwa aina, ubora, usalama, kukaa na utendaji, na kwamba watalipa marekebisho, wakitaja kifungu 2695.8(g). Malizia kwa kusema hujaidhinisha kazi ianze. Usidai orijino kwa kila kitu kwenye imeili hiyo ya kwanza. Mara nyingi mkadiriaji akitakiwa kuweka sahihi kwamba sponji isiyo na jina ni sawa na ya Toyota, anaona ni rahisi zaidi kubadilisha mstari.

Wana siku 15 za kalenda kujibu mawasiliano yanayohitaji jibu. Wakinyamaza, au wakijibu bila kugusa hoja, peleka malalamiko kwa Idara ya Bima ya California. Ni bure na yanafanyika mtandaoni. Ambatisha makadirio, imeili na picha. Idara ikiwauliza, kampuni ina siku 21 za kalenda kuijibu.

Kuhusu kuhamia gereji yao: kifungu 758.5 cha sheria ya bima kinakataza kukulazimisha. Wanaweza kupendekeza pale tu unapoomba, au wakikujulisha kwa maandishi kwamba una haki ya kuchagua. Ukishachagua yako, hawaruhusiwi kupunguza gharama ya haki kwa kisingizio kwamba gereji yao ingetoza kidogo. Kwa hiyo baki hapohapo.

Njia ya tatu ipo pia, na si aibu kuitumia: kwa spea mbili au tatu unaweza kulipa tofauti ya bei mwenyewe na kupata orijino. Mwambie gereji aandike bei zote mbili kwenye makadirio. Kwa nembo na sponji tofauti huwa ndogo ukilinganisha na boneti. Na utakapohuisha bima, uliza kama wana nyongeza ya spea orijino na inagharimu kiasi gani kwa mwezi.

---

JiraniWaCharleston anajibu:

Kwa wanaosoma uzi huu kutoka West Virginia: msinakili imeili ya California, sheria yetu ni tofauti na ina nguvu zaidi kwa gari jipya. Sura ya 46A, kifungu cha 6B: kwa mwaka gari lilipotengenezwa na miaka miwili inayofuata, gereji lazima itumie spea orijino za bodi, na bima haiwezi kudai mbadala, ila mwenye gari akubali kwa maandishi wakati wa matengenezo. Neno ni "kwa maandishi". Soma kila karatasi unayowekewa mbele kwenye kaunta, maana ridhaa inaweza kuwa mstari mmoja katikati ya fomu ya kuacha gari.

Gari likishavuka miaka hiyo, zuio hilo linakoma na kinachobaki ni wajibu wa kujulishwa. Na zuio halihusu mtumba wa orijino. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba spea orijino zilizotolewa kwenye magari mengine si "spea mbadala" kwa maana ya kifungu hicho. Gari la mwaka mmoja linaweza kupewa mlango wa mtumba bila sheria hiyo kuvunjwa.

---

FundiBodi anajibu:

Nyota, mambo machache ya mwisho kwa siku ya kuacha gari na siku ya kulichukua.

Unapoacha: andika kwenye karatasi ya kazi kwamba unataka kuona spea za zamani. California inakupa haki hiyo kwenye kifungu 9884.10, lakini ni lazima uombe wakati karatasi ya kazi inaandikwa. Ukiomba baadaye boneti imeshakwenda kwenye chuma chakavu. Andika pia kwamba spea haibadilishwi aina, kutoka orijino kwenda A/M au mtumba, bila idhini yako, hata kama iliyoagizwa imechelewa. Gari likifunguliwa kutapatikana uharibifu ambao haukuonekana, hiyo ni kawaida kabisa kwa ajali ya mbele. Makadirio ya nyongeza yatatumwa bima. Omba nakala, kwa sababu ndani ya nyongeza ndimo A/M mpya hujipenyeza kimyakimya.

Unapochukua: nenda mchana, gari likiwa kavu. Weka makadirio ya mwisho na ankara ubavu kwa ubavu, mstari kwa mstari. Fungua boneti utafute lebo kwenye fenda na boneti; spea orijino nyingi zina lebo ya namba ya spea au chapa ya Toyota. Kwa sponji na chuma cha ndani hutaona kitu tena bila kuvua bampa, kwa hiyo hizo utadai picha zilizopigwa kabla bampa halijarudi, na risiti ya msambazaji. Dai pia karatasi ya mashine ya kupanga rada, yenye tarehe na namba ya chasisi yako. "Taa ya onyo haiwaki" haitoshi, maana rada inaweza kuwa imeelekea pembeni kidogo bila kuwasha taa yoyote.

Ankara ikisema orijino na kwenye gari kuna A/M, usibishane kaunta. Piga picha, lipa kwa kadi ukiandika kwamba unapinga, kisha peleka malalamiko Bureau of Automotive Repair, idara ya jimbo inayosajili gereji. Wana mpango wa kukagua bure gari lililotengenezwa baada ya ajali, na mkaguzi wao hulinganisha ankara na kilichofungwa kweli. Usipeleke gari kwa fundi mwingine kurekebisha kabla ya ukaguzi huo. Akishagusa, huwezi kujua tena nani alifunga nini.